Mrejesho: Nilivyojaribu roboti mwenza kabla ya kuandika kodi ya programu

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nitumie zana gani kujaribu namna fundi na mkono wa roboti watakavyopokezana vipuri, kabla sijazama kwenye kodi. Mmoja wenu akasema nianze na roboti ya maboksi, ikiendeshwa na mtu aliyejificha. Nilicheka, nakiri.

Kwanza nilikwenda Gazebo, programu ya kuiga roboti kwenye kompyuta, maana ndiyo niliyoizoea pamoja na ROS, mfumo wa kuandikia programu za roboti. Mkono ulitembea vizuri, haukugonga kitu. Ila programu ya kuiga haikunionyesha kusita kwa mtu, na tatizo lote lilikuwa hapo.

Basi nikaweka mkono halisi kwenye mwendo wa kinyonga, mwenzangu akakaa nyuma ya pazia na rimoti, washiriki wakidhani roboti inajiendesha. Wa kwanza alishika kipuri, akavuta, akaachia, akashika tena. Hakujua itaachia saa ngapi! Taa ya kijani niliyoifunga begani mwa roboti hakuna aliyeiona. Macho yote yalikuwa kwenye vidole vya roboti. Nikaihamishia taa kwenye kishikio, nikaongeza mlio mfupi kabla ya kuachia. Kusita kukapungua sana.

Angalizo: rimoti haikuondolei wajibu wa usalama. Mipaka ya nguvu na mgandamizo kwenye mwili niliifuata ya ISO/TS 15066 ya 2016, waraka wa kimataifa wa usalama wa roboti zinazofanya kazi na watu, na kitufe cha dharura alikishika mshiriki mwenyewe.

Sasa ndiyo naandika kodi. Aliyenishauri maboksi, nakudai samahani… au wewe ndiye unanidai.