Naomba ushauri: jina la tovuti kwa biashara ya kahawa
Ndugu wanachama, salamu kutoka Bukavu. Ninaanzisha biashara ya kuuza kahawa ya kisiwa cha Idjwi, iliyokwisha kukaangwa na kufungwa katika pakiti, na nimekwama kwenye jina la tovuti. Jina fupi nililolipenda, lenye .com, limekwisha kuchukuliwa. Nilijaribu kuliongezea kistari katikati, lakini kila ninapolitaja kwa simu wateja hukisahau. Lenye .cd, ambayo ni alama ya nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, bado lipo, ingawa mdogo wangu anadai kwamba wanunuzi wa Ubelgiji watadhani ninauza muziki.

Je, nichukue hilo la .cd, au .com iliyoongezwa neno «bukavu»? Na fundi anayetaka kulisajili kwa jina lake mwenyewe, nimkubalie? Aksanti.