RV-7 yangu inakaribia kuruka, bima inadai mafunzo kwanza: njia ipi ina nafuu?

Bawa Fupi
Wakuu, salaam. RV-7 yangu ya gurudumu la mkia, ndege ndogo ya watu wawili ninayojijengea, imebakiza kufungwa injini na ukaguzi, na dalali wa bima ndiyo kanijibu. Kampuni inakubali kukata bima kamili, ya ndege yenyewe na ya madhara kwa wengine, ila kwa masharti. Nipate saa 5 na mwalimu kwenye aina hiyohiyo kabla ya kuirusha peke yangu, halafu saa 10 za peke yangu kabla ya kubeba abiria. Saa zangu karibu zote ni za Cessna 172, ile ndege ya vyuo vya urubani yenye gurudumu la pua. Idhini ya gurudumu la mkia ninayo, niliifanyia kwenye Citabria, ndege nyepesi ya gurudumu la mkia.

Naona njia tatu: nimfuate mwalimu mwenye RV yake, au mwalimu aje anifundishie kwenye ndege yangu, au rubani mzoefu amalize majaribio yote ndipo nikabidhiwe. Ya kwanza inakula hela kuliko zote, kwa hiyo roho inanivuta kwenye ya pili. Mnasemaje?

Fundi Ribiti
Ya pili ifute kwa sasa. Ndege ikishapewa cheti inaingia Awamu ya Kwanza ya majaribio. Kwa kawaida ni saa 25 kama injini na propela ni jozi iliyoidhinishwa, saa 40 kama siyo, au ufuate mpango wa kukamilisha majaribio mahususi badala ya kuhesabu saa. Kipindi hicho haingii mtu ambaye hana kazi ya lazima kwenye jaribio lenyewe. Mwalimu aliyekaa kulia akikuelekeza kutua si mtu wa lazima.

Upo mlango mmoja mwembamba, waraka AC 90-116 wa mwaka 2014 wa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, unaomruhusu rubani wa pili mwenye sifa kuruka na mjenzi. Lakini sifa zenyewe si za kubabaisha, na lengo ni majaribio yaende salama. Usijihesabie saa hizo kwenye bima kabla hujaambiwa zinakubalika.

Kijiti Mkononi
Halafu hata baada ya Awamu ya Kwanza, mwalimu akitaka kukufundisha kwa malipo kwenye ndege ya daraja la majaribio, ndilo la ndege za kujengwa nyumbani, ni lazima awe na LODA, ile barua ya ruhusa ya FAA. Wako wachache.

Mama Rubani
Kijiti, hiyo ni habari ya 2021. Ni kweli mwaka ule FAA ilitoa tafsiri iliyowachanganya watu hadi mwenye ndege akawa anaombea barua ya kufundishwa kwenye ndege yake mwenyewe. Desemba 2022 sheria ya Marekani ikalimaliza hilo: ndege ikiwa ya kwako na mwalimu analipwa ujira wa kufundisha tu, barua haihitajiki. LODA inamhusu anayekupa vyote viwili, ndege na mafunzo, kwa malipo. Ndiyo maana huwezi kuingia chuo cha urubani ukakodi RV kama unavyokodi 172.

Bawa Fupi, mimi nilipita njia ya kwanza na ningeirudia. Aliyetoka 172 anashangazwa na mambo mawili. Usukani wa RV unaushika kwa vidole viwili, ukiukamata kama wa 172 ndege inapanda na kushuka ovyo. La pili ni pale unapokaribia kutua. Kama una propela ya kasi thabiti, ile inayojibadilisha pembe ya mapanga, ukirudisha mafuta hadi mwisho, yaani ukipunguza nguvu ya injini yote, propela inageuka breki na ndege inashuka chini yako upesi kuliko mkono wako ulivyozoea. Mwalimu wangu aliniacha nivute mafuta yote tukiwa juu sana, akaniambia nitazame tu namna kizingiti cha njia kinavyopanda kwenye kioo cha mbele. Baada ya pale sikuhitaji maelezo. Hicho hukipati kwenye Citabria, na sidhani ni kitu cha kujifunzia siku ambayo injini nayo inajaribiwa kwa mara ya kwanza.

Dalali Mstaafu
Nimekaa upande wa bima muda mrefu, niruhusuni niingilie. Mnajadili waalimu wakati neno lenye uzito ni "aina hiyohiyo". Muulize dalali wako maana yake ni ipi, akujibu kwa maandishi. RV-6 ni ya kukaa bega kwa bega kama yako, na kuombea ikubaliwe ni ombi la kawaida. RV-8 ya kukaa mbele na nyuma inaweza kuleta maswali. RV-7A ina gurudumu la pua, kwa hiyo ukifanyia saa zote humo kampuni ina haki ya kusema gurudumu la mkia hujaligusa. Kwenye mashine ya kuigiza usitegemee kuhesabiwa.

Jambo jingine watu hulisahau: mkataba wako unakulinda wewe. Mwalimu au rubani wa majaribio akiwa kwenye usukani, uliza mambo mawili tofauti. Je, ndege ina bima akiirusha yeye? Na je, yeye mwenyewe analindwa, au kampuni ikishakulipa itamgeukia imdai? Jibu la kwanza likiwa ndiyo, la pili linaweza kuwa hapana. Waalimu wanaojua kazi yao watakuuliza wenyewe kabla hawajafunga mkanda.

Mzee wa Hanga
Naona njia ya tatu mmeiruka. Kwangu ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Rubani mwenye saa nyingi za RV aandikwe kwenye mkataba, afanye Awamu ya Kwanza. Ikiisha, mwalimu anaruhusiwa kupanda, hapo ile njia ya pili inafunguka na unafundishwa kwenye ndege utakayoishi nayo, yenye vipimo vilevile na breki zilezile. Husafiri, hulipii ndege ya mtu.

Mama Rubani
Mzee, nakubali kwa mtu asiye na haraka. Lakini mjenzi aliyekaa miaka gereji ukimwambia atazame kutoka chini mpaka majaribio yaishe, wengi watakubali mdomoni tu.

Mzee wa Hanga
Basi asome ripoti ya 2012 ya NTSB, wachunguzi wa ajali wa Marekani, kuhusu ndege hizi za kujengwa nyumbani. Katika ajali 224 walizochunguza za mwaka 2011, 14 zilitokea kwenye safari ya kwanza ya mmiliki mpya aliyenunua ndege iliyokwisha kuruka. Ndege haikuwa ngeni, mgeni alikuwa rubani. Sasa yeye anataka ugeni wa pande zote mbili siku moja.

Fundi Ribiti
Hoja nzito, ila hiyo ndiyo sababu ya kupata mafunzo kabla, siyo sababu ya kumzuia asirushe. Na wewe Bawa Fupi, usikimbilie mafunzo sasa hivi. Injini bado, ukaguzi bado. Ukijifunza leo halafu ukasubiri karatasi mpaka msimu ugeuke, mkono utakuwa umerudi kuwa wa 172. Panga tarehe ya mwalimu ndege ikishafungwa kila kitu na mkaguzi ameshakupa siku. Kwa sasa chukua bima ya ardhini tu, ya ndege isiyotembea, bei yake haiumizi. Na kama uko EAA, chama cha wajenzi wa ndege za nyumbani, omba mshauri wao wa safari za kwanza, hatozi kitu.

Bawa Fupi
Nawashukuru wote. Naelekea njia ya kwanza, kwenye RV-6 ya gurudumu la mkia kama kampuni itaikubali. Barua pepe kwa dalali nimeshaituma. Dalali Mstaafu, nikimaliza nawapelekea nini kama ushahidi?

Dalali Mstaafu
Picha ya ukurasa wa kitabu chako cha saa. Mwalimu aandike modeli kamili na namba ya usajili wa ndege, asiandike "RV" peke yake, na ataje kutua kulikuwa kwa gurudumu la mkia. Asaini na namba ya cheti chake. Mpelekee dalali kabla ya kuwasha injini kwa nia ya kuruka, na subiri ajibu kwamba sharti limetimia.