Siku ya kwanza Istanbul: ilikuwa Jumanne, jumba limefungwa, na mamangu akakalishwa duka la mazulia

Nimengoja wiki mbili nipoe ndipo niandike, na sijapoa. Basi naandika hivi hivi.

Sisi ni watu tisa wa nyumba moja hapa Mombasa: mamangu, kakangu na mkewe, mimi na mume wangu, dadangu mdogo, na watoto watatu. Kwa miezi 23 kila mtu mzima alitoa shilingi 8,000 kila mwezi, ya Mama tukichangiana sisi wanawe, mpaka zikatimia 184,000 kwa kichwa. Watoto tuliwalipia mbali. Iko miezi niliipeleka hiyo elfu nane na nyumbani tukashinda kwa muhogo. Naitaja ili mjue ile pesa ilitoka wapi.

Safari ilikuwa ya siku saba Uturuki, na tuliichagua kwa sababu moja tu, nayo ni Mama. Ana miaka 71. Tangu tukiwa wadogo alikuwa akituhadithia maneno aliyoyasikia kwa marehemu babake, aliyekuwa baharia: kwamba Istanbul, ndani ya jumba la masultani la Topkapı, kuna chumba zimehifadhiwa athari za Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam. Joho lake, nywele za ndevu zake, na panga. Na kwamba Kurani husomwa humo, msomaji mmoja akimpisha mwenziwe, tangu zama za Sultan Selim aliyeichukua Misri mwaka 1517. Hija Mama alishakwenda. Hiki chumba ndicho kilichobaki moyoni mwake.

Kwa hivyo kabla ya kutoa dipoziti nilimuuliza ajenti, na si mara moja: Topkapı imo? Akanijibu, "Imo dada, siku ya kwanza kabisa." Nikamwambia amwandikie Mama kwenye karatasi. Akaandika. Karatasi ninayo mpaka leo, ina muhuri wa ofisi yao: "Siku ya 1, Jumanne. Jumba la Topkapı, Aya Sofia, Msikiti wa Sultan Ahmed. Hoteli dakika 10 kutoka Sultan Ahmed."

Isomeni tena. Jumanne. Topkapı.

Topkapı hufungwa kila Jumanne. Haikuwa sikukuu wala matengenezo wala mgomo. Ni kila Jumanne ya Mungu, mwaka mzima, na ni jambo linalojulikana na kila mtu anayefanya kazi ya kupeleka watu Istanbul. Mimi sikujua. Mimi si ajenti. Kazi ya kujua nilimlipa yeye.

Tuliondoka Mombasa Jumatatu, tukaunganisha Addis Ababa, tukatua Istanbul saa kumi na moja alfajiri kwenye ule uwanja mpya uliofunguliwa 2018, mbali na mji, kule upande wa Bahari Nyeusi. Hatukumkuta mtu. Tuliambiwa kutakuwa na kijana ameshika bango lenye jina la familia. Tukasimama na mizigo, watoto wamelala juu ya masanduku, mume wangu akipiga simu Mombasa isiyopokewa. Mama akaenda kusali Alfajiri kwenye chumba cha sala, akarudi, akakaa. Saa za Uturuki na za kwetu ni sawa, kwa hivyo hakugusa saa yake ya mkono, ila akawa anaitazama kisha anatazama dirishani. Saa moja, giza. Saa moja na nusu, bado giza. Akaniuliza, "Mwanangu, saa yangu imesimama?" Disemba jua la kule huchomoza saa mbili na zaidi, na hakuna aliyetwambia. Hakuna aliyetwambia kitu chochote cha kutufaa, hata baridi. "Sweta zinatosha," ndivyo tulivyoambiwa ofisini. Mamangu alishuka kwenye ndege na buibui, sweta la mikono mirefu na viatu vya wazi. Soksi alivaa za mume wangu.

Basi lilikuja saa mbili kasorobo. Mgala muue na haki yake umpe: yule kijana mwongozaji alikuwa na adabu, Kiingereza chake kizuri, na aliomba radhi. Akasema aliandikiwa kuwa tunafika saa mbili. Nani alimwandikia? Ofisi ya Mombasa.

Hoteli vyumba ni mpaka saa nane mchana, kwa hivyo tukapelekwa mjini moja kwa moja, bila kunawa uso. Kwenye basi Mama akatoa kijaluba chake, ndani mna kipande cha karatasi amekikunja mara nne. Ni majina. Majirani, wanafunzi wake wa chuoni, ndugu zake waliokwisha kufariki, wote waliomwambia "ukifika pale utuombee dua". Alikishika mkononi njia nzima.

Tukashuka Sultan Ahmed, tukapita kando ya ukuta wa Aya Sofia, tukafika lango kubwa la Topkapı. Askari akatikisa kichwa kabla hata hatujasimama. Kijana akasema naye maneno mawili matatu, akarudi akitazama viatu vyake. "Leo Jumanne," akasema. "Imefungwa." Kakangu akamwonyesha ratiba. Kijana akaisoma, akainyamazia, kisha akasema polepole kuwa ratiba aliyopewa yeye haina Topkapı. Akatufungulia simu yake tuione. Yake ilikuwa imeandikwa: Jumanne, matembezi ya Sultan Ahmed kwa nje, duka la mazulia, chakula cha mchana, duka la ngozi, duka la peremende, hoteli.

Ratiba mbili za siku moja! Moja ya kutuonyesha sisi tutoe pesa, nyingine ya kazi. Hapo ndipo nilipojua kuwa hawakusahau.

Mama hakuelewa Kiingereza kilichokuwa kikisemwa. Alikuwa ameshasogea langoni, ameinua viganja nusu, anangoja tuingie. Mimi ndiye niliyekwenda kumwambia. Akasema, "Basi tungoje wafungue." Nikamwambia hawafungui leo. Akakunja ile karatasi yake akairudisha kwenye kijaluba, akaufunga mkoba. Hakusema neno jingine mpaka jioni.

Aya Sofia je, iliyoandikwa "imejumuishwa"? Tangu Januari 2024 mgeni anayekwenda kutazama hulipa euro 25 kupanda ghorofa ya juu, na kijana hakupewa hata senti ya tiketi zetu. Anayekwenda kusali ana mlango wake na halipi, lakini tukaambiwa hakuna wakati, dukani wanatungoja.

Dukani kweli walikuwa wanatungoja. Chai ya tufaha ndani ya vile vibilauri vyembamba vya kiunoni, viti vimepangwa kuzunguka ukuta, mlango ukafungwa nyuma yetu. Mazulia yakaanza kumwagwa sakafuni moja juu ya moja. Hili la sufu, hili la hariri, hili limefungwa mafundo mawili mawili, geuza uone. Saa mbili kasoro dakika kumi tulikaa mle, nilihesabu. Kila tukitaka kuinuka wanakuja wawili wawili, mmoja anamshika kakangu mkono, mwingine anamfuata mkewe. Mswala mmoja mdogo, dola 600. Wifi yangu alinunua kimoja cha bei ya chini kwa haya tu, ili tuachiwe twende.

Adhuhuri ikaingia tukiwa mle ndani. Tukawaambia tunataka kwenda kusali. Msikiti wa Sultan Ahmed, wenye minara sita, uko hatua chache nje ya mlango wa lile duka, adhana tunaisikia na kioo kimefungwa. Meneja akasema hapana haja, akatandika zulia la kuuza pembeni, bei yake ikining'inia kwenye ncha. Na mamangu, aliyevuka bara na bahari, akasali Adhuhuri yake ya kwanza Istanbul dukani, juu ya bidhaa ya mtu, huku nyuma yake watu wanataja dola.

Hilo ndilo siwezi kulisamehe. Pesa zinarudi. Hilo halirudi.

Duka la ngozi sitalieleza sana. Walizima taa, wakafungua muziki mkubwa, wakatoka wasichana wakitembea na majaketi ya ngozi, wakigeuka mbele yetu. Mama aliinamisha uso akavuta tasbihi yake mpaka kwisha. Watoto walikuwa na njaa, mahamri tuliyobeba yameisha tangu uwanja wa ndege, na chakula cha mchana "kilichojumuishwa" kilikuwa supu ya dengu na mkate saa tisa.

Kakangu alikaa mbele na yule kijana wakati wa kurudi, akambana. Kijana akamweleza bila kuficha. Kampuni ya kule inayotupokea hulipwa na maajenti pesa ndogo sana kwa kila mtalii, haifiki hata gharama ya basi na dereva. Pengo hilo linazibwa na maduka: kila kundi linaloingizwa duka hulipa, na kundi likinunua duka linatoa fungu. Siku ya kwanza ndiyo bora kwao, kwa sababu watu wana pesa zote na hawajaujua mji. Jumanne inafaa zaidi, kwa kuwa jumba limefungwa na hakuna atakayelalamika kuwa muda wa jumba umeliwa.

Na hoteli ya "dakika 10"? Ilikuwa Beylikdüzü. Zaidi ya kilomita 30 kutoka Sultan Ahmed, na kwa foleni ya jioni tulichukua saa moja na dakika arubaini. Ni sawa na mtu akuambie utalala Ngomeni kisha akupeleke ukalale Mariakani. Vyumba tulilipia vinne, tukapewa vitatu.

Usiku ule ajenti akapokea simu. Maneno yake: "Dada, ratiba inaweza kubadilika, imeandikwa chini." Kweli imeandikwa, kwa herufi za kusomwa na miwani. Lakini kubadilika ni kitu kilichokuwa kiwe kisha kikazuiwa. Kitu ambacho hakingeweza kuwa tangu siku kilipoandikwa, hicho kina jina lake, na jina lake ni uongo.

Jumatano kundi lilipelekwa mji wa Bursa. Mimi na Mama hatukwenda, na Bursa yetu tuliyoilipia ikapotea. Tulipanda metrobasi kutoka Beylikdüzü mpaka Cevizlibağ, tukashika tramu ya T1, tukashuka Gülhane, tukauliza uliza njia, na tiketi nikanunua tena kwa pesa yangu. Aliingia. Msomaji alikuwa amekaa kwenye kibanda chake cha kioo anasoma, na Mama akasimama pembeni akafungua karatasi yake, akawataja mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Sitaandika zaidi ya hapo, ni yake.

Tumerudi Mombasa. Juzi kwenye harusi Bondeni nikamsimulia mama mmoja, akanishika mkono. Wao walikwenda Agosti, ajenti ni huyo huyo. Siku ya kwanza, Jumanne. Lango limefungwa, kisha mazulia. Mumewe alikwenda na fimbo, alikuwa ametoka kupasuliwa goti. Hawakuiona Topkapı kabisa, siku zao zilikwisha.

Kwa wanaopanga kwenda, shikeni ratiba yenu na kalenda pamoja: Topkapı Jumanne hufungwa, Dolmabahçe, jumba jingine la masultani, Jumatatu, na Kapalıçarşı, lile soko kubwa lililoezekwa, Jumapili. Ijumaa misikiti mikubwa haipokei watalii mpaka baada ya sala. Ulizeni jina la hoteli na mtaa wake kabla ya kutoa hata shilingi, mtie kwenye ramani wenyewe. Na muulize kwa maandishi, maduka mangapi?

Nimemwandikia ajenti barua nikidai tiketi za watu tisa za Topkapı na za Aya Sofia, Bursa ya watu wawili, na chumba cha nne kwa siku zote. Jana alinijibu kwa WhatsApp: "Lakini mama si aliliona jumba? Sasa shida ni nini?"

Nimempa mpaka Ijumaa. Asipolipa, Jumatatu nafungua kesi Mahakama ya Madai Madogo, ambayo kwa sheria ya 2016 hupokea madai ya mpaka shilingi milioni moja na hutakiwa kuamua ndani ya siku 60, na nakala ya malalamiko naipeleka kwa mamlaka inayotoa leseni za utalii. Jina la kampuni silitaji hapa mpaka kesi iishe. Lakini aliyepata kupelekwa Istanbul na ajenti wa Mombasa, ndege ikaondoka Jumatatu na karatasi yake ikaandikwa Topkapı siku ya kwanza, aniandikie faraghani na anitumie picha ya hiyo karatasi. Nataka kuingia nazo mahakamani nyingi.