Kiungo Angus Brayshaw aliachaje mchezo akiwa na miaka 28?

Mwana wa Gombani
Assalaamu alaykum ndugu zangu. Nimesoma habari za Angus Brayshaw, kiungo wa klabu ya Melbourne katika AFL, ligi kuu ya kandanda ya Kiaustralia (si soka letu, bali mpira wa mikono na miguu), aliyestaafu Februari 2024 baada ya mechi 167. Hakuvunjika mguu wala goti. Nauliza kwa sababu mdogo wangu, naye ni kiungo hapa Chake, wiki iliyopita aligongana vichwa na beki. Alimwagiwa maji akarudishwa uwanjani, na jioni ile, tulipotoka kusali Magharibi, aliniuliza mara tatu kama alikuwa ameshasali Alasiri. Sasa anasema hana maumivu na anataka kucheza Ijumaa. Je, Brayshaw aliacha kwa hiari yake, na kwa sababu gani hasa?

Mzanzibari wa Melbourne
Waalaykum salaam kaka. Nimeishi mji huu miaka mingi na nilimpenda sana kijana yule. Melbourne walimchukua mwaka 2014 akiwa wa tatu katika uteuzi wa wachezaji chipukizi, na mwaka 2018 akashika nafasi ya tatu katika kura za waamuzi za Medali ya Brownlow, anayopewa mchezaji bora wa msimu. Mwaka 2021 alikuwemo katika kikosi kilichotwaa ubingwa ambao klabu haikuupata tangu 1964. Lakini mapema tu alikuwa amepata mitikisiko kadhaa ya ubongo, ndiyo maana mlikuwa mkimwona na ile kofia laini kichwani.

Septemba 2023, katika mechi ya hatua ya fainali dhidi ya Collingwood, alipiga mpira huku Brayden Maynard akiruka kuuzuia. Bega la Maynard likampata kichwani, akazimia na kutolewa kwa machela. Maynard alishitakiwa na akaonekana hana hatia, kisha ligi ikabadilisha kanuni ili anayeruka namna ile abebe dhamana ya madhara. Kwa maoni yangu kanuni ile ilichelewa. Brayshaw alirudi mazoezini akitaraji kucheza, na mkataba wake ulikuwa wa hadi 2028, ila vipimo vilionesha mabadiliko zaidi katika ubongo, na madaktari wakamshauri aache. Hakuna kijana anayeacha mkataba kama huo kwa kupenda.

Muuguzi wa Mjini
Ndugu yangu wa Chake, hilo la kuuliza swali moja mara tatu limenishitua kuliko yote uliyoandika. Ubongo umo ndani ya fuvu kama kiini ndani ya yai: ukitikiswa kwa nguvu, unaweza kudhurika bila ya ganda kupata ufa, na kofia laini haiuzuii kusukumika humo ndani. Kusahau, kuchanganyikiwa, kichefuchefu na kuchukia mwanga ni dalili za mtikisiko wa ubongo, hata kama mtu hakuzimia. Akipigwa tena kabla ya kupona, madhara yanaweza kuwa makubwa mno, na kwa kijana mdogo hatari huzidi. Mchezaji wa AFL aliyethibitika kupata mtikisiko harudi mechini kabla ya siku ya 12, na hata hapo ni kwa ruhusa ya daktari. Mpelekeni hospitali, na Ijumaa asicheze. Akianza kutapika, kuzidiwa na usingizi au kuumwa kichwa kunakoongezeka, msingoje asubuhi.

Mwana wa Gombani
Nakushukuru sana dada, nawe kaka wa Melbourne. Nimemsomea mdogo wangu habari za Brayshaw mpaka pale pa mkataba, akanyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama yule bwana anaweza bado kusoma kitabu na kukifahamu. Ndipo aliponieleza kwamba tangu siku ile ubao wa skuli humuumiza macho. Kesho asubuhi tunakwenda hospitali, na mwalimu wake wa timu nimeshamwarifu kuwa Ijumaa hayumo.