Vigae vya sebule, jiko na bafu: nichague vipi kabla mzigo haujapakiwa kuja Arua?

Mwenye Nyumba, Arua

Salamu kwenu nyote. Nyumba yangu iliyo nje kidogo ya mji wa Arua imekwisha kupigwa lipu, na kazi kubwa iliyobaki kabla ya kuhamia ni sakafu. Sebule ina mita 5 kwa 6 na imeungana na jiko bila ukuta katikati, jinsi nyumba za siku hizi zinavyochorwa. Kisha kuna vyumba vitatu vya kulala, bafu mbili, na baraza inayotazama magharibi. Mke wangu amependa vigae vyeupe vinavyong'aa, vya sentimita 60 kwa 60, alivyoviona kwa dada yake Kampala, na angependa vitandazwe nyumba nzima, baraza ikiwemo. Mimi ninasitasita, wala si kwa ubahili. Katika nyumba yetu ya kwanza fundi alibandika vigae kwa uji wa saruji, na baada ya miaka miwili vikaanza kulia kama debe tupu kila ulipovikanyaga, na vitatu vya mlangoni vikainuka kama hema.

Naomba kujua tofauti halisi kati ya kauri ya kawaida na poseleni, kama mng'ao unafaa huku kwetu kwenye vumbi jekundu, na kama vigae vinavyotengenezwa Kapeeka vinaweza kushindana na vya kutoka nje. Nisaidieni pia hesabu ya boksi, maana kurudi Kampala kwa ajili ya vigae vitatu vilivyopungua ni safari ya kutwa nzima.

Fundi wa Mwiko, Jinja

Mzee wetu, shikamoo. Nitaanza na vile vigae vilivyolia kama debe, kwa sababu humo ndimo lilimo jibu la swali lako la kwanza. Kigae chochote ni udongo uliochomwa. Cha kauri ya kawaida kimebaki na vitundu vidogo sana vinavyonyonya maji, na kile cha ukutani kinaweza kunyonya zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Poseleni huchomwa kwa moto mkali zaidi hadi vitundu hivyo vinazibana, kiasi kwamba kwa kipimo cha kimataifa hakitakiwi kunyonya zaidi ya asilimia 0.5. Sasa uji wa saruji hushika kwa kupenya ndani ya vitundu. Ukiupaka kwenye mgongo wa poseleni unakauka juu juu tu, na siku sakafu inapotanuka kwa joto kigae kinaachia. Huenda fundi wako wa kwanza alikuwa na mkono mzuri, ila alitumia dawa ya ugonjwa mwingine. Poseleni inataka gundi ya vigae ya unga, inayopakwa kwa mwiko wenye meno, na kwa kigae cha 60 kwa 60 mgongo nao upakwe gundi nyembamba, pasibaki pengo la hewa. Wengi huweka mabonge matano, manne kwenye kona na moja katikati. Ukimwona fundi anafanya hivyo, msimamishe palepale.

Dukani usiridhike na maneno ya boksi. Geuza kigae, mwagia mgongo wake kijiko kimoja cha maji, halafu endelea kuzungumza na muuzaji. Kama baada ya dakika chache maji yamezama na kuacha doa jeusi, hicho si poseleni, hata kama kimeandikwa hivyo. Kisha chukua vigae viwili, viweke uso kwa uso na ubonyeze kona moja: vikicheza kama kiti chenye mguu mfupi, vimepinda, na hakuna fundi atakayekunyooshea. Kwa sebule na ukumbi tafuta alama ya PEI ya 3 au 4, ambayo hueleza jinsi rangi ya juu inavyostahimili msuguano wa viatu. Vyumba vya kulala havihitaji zaidi ya 2 au 3.

Kuhusu baraza, hapo sina mjadala: kigae king'avu hakifai. Mvua ikipigwa na upepo hadi barazani, sakafu hiyo inakuwa barafu, na watoto na wazee ndio watakaoanguka. Tafuta chenye uso wa kukwaruza, alama R11 ikiwezekana, na bafuni R10; herufi R hupima jinsi kigae kinavyozuia utelezi, na namba ikipanda utelezi unapungua. Bafuni tumia vigae vidogo, 30 kwa 30, kwa kuwa sakafu lazima iteremke kuelekea tundu la maji, na kigae kikubwa hakikubali kuteremka pande nne bila kukatwakatwa.

Mama wa Bombo

Baba, mimi si fundi, lakini sakafu nyeupe inayong'aa nimeipiga deki kwa miaka sita, kwa hiyo mpelekee mama wa nyumba salamu zangu pamoja na maneno haya. Unyayo wa mtu aliyetoka bafuni unaonekana, unywele unaonekana, na vumbi jekundu likichanganyika na maji ya deki linaacha ukungu wa rangi ya chai ambao haumaliziki hadi upitishe kitambaa kikavu. Nilipohamia nyumba nyingine nilichagua rangi ya mchanga iliyofifia, isiyong'aa, na sasa napiga deki asubuhi tu. Maungio nayo niliyajaza rangi ya kijivu, kwa sababu yale meupe ya mwanzo yalikuwa kahawia kabla ya mwaka kwisha.

Jikoni kuna jambo ambalo wachoraji wa nyumba hawalifikirii. Sisi tuna gesi, lakini maharage bado yanapikwa kwenye sigiri, na siku ya mvua sigiri inaingizwa ndani. Nilisikia kigae kikilia "tak!" chini ya sigiri yenye makaa mekundu, na ufa ukakimbia kutoka kona hadi kona. Kinu nacho kikitwangiwa karanga juu ya kigae chenye pengo chini yake kinakivunja. Nawashauri muache kipembe cha saruji tupu nje ya mlango wa jiko kwa kazi hizo.

Muuza Vigae, Kampala

Nakubaliana na waliotangulia juu ya baraza, ila tusiuhukumu mng'ao wote kwa kosa la rangi nyeupe. Sebule yenye madirisha madogo hufaidika na kigae kinachorudisha mwanga, na ukichagua cha krimu chenye mishipa kama ya marumaru vumbi halionekani sana. Kinachonitia wasiwasi katika maelezo ya Mzee ni upande wa magharibi. Saa kumi na moja jioni jua litaingia likiwa limelala, na juu ya sakafu inayong'aa kila kona iliyoinuka hata milimita moja itatoa kivuli. Mtu akitaka mng'ao mahali kama hapo, basi atafute fundi mwenye pimamaji na subira. Mchanga wa moramu pia hukwaruza uso uliong'arishwa, kwa hiyo mkeka wa mlangoni usikose.

Vigae vya Kapeeka, wilaya ya Nakaseke, ninaviuza kila siku. Kwa vyumba vya kulala na kuta sioni sababu ya mtu kulipia meli na ushuru kutoka Mombasa. Kwa kigae kikubwa cha sebule, fungua boksi kadhaa na ufanye jaribio la uso kwa uso alilolieleza Fundi. Lifanye kwa vya nje vilevile, kwani jina la nchi ya mbali halinyooshi kigae.

Hesabu yake ni hii. Boksi la 60 kwa 60 lenye vigae vinne hufunika mita za mraba 1.44. Sebule yako ni mita za mraba 30; ongeza asilimia 10 za vipande vya kukata na vya kuvunjika, upate 33, ambazo ni boksi 23. Ukipanga kwa mshazari, ongeza asilimia 15. Kabla ya kupakia soma ubavuni mwa kila boksi namba ya rangi na namba ya kipimo, zote zifanane, kwa sababu vigae vya jina moja vilivyochomwa siku tofauti hutofautiana, na utaiona tofauti hiyo baada ya gundi kukauka. Katika lori boksi zisimamishwe kwa ubavu, zisilazwe.

Mwenye Nyumba, Arua

Nawashukuru sana. Jana nilimsomea mke wangu maneno ya Mama wa Bombo. Alicheka aliposikia habari ya sigiri, kisha akanyamaza nilipofika kwenye deki. Tumekubaliana: poseleni ya krimu isiyong'aa kwa sebule na jiko, vya Kapeeka vyumbani, vidogo vya kukwaruza bafuni na barazani, na weupe unaong'aa aupate kwenye kuta za bafu, ambako hakuna atakayeukanyaga. Nina vigae viwili vya mfano hapa mezani, na kimoja kimekunywa kijiko chote cha maji nikiwa bado naandika. Swali la mwisho kwa Fundi: sakafu ya saruji ilimwagwa wiki mbili zilizopita. Je, tuanze kubandika mzigo ukifika Ijumaa?

Fundi wa Mwiko, Jinja

Hapana, Mzee. Ipe siku 28 kamili, ndipo upite ukiigonga kwa mpini wa nyundo na ubomoe kila panapolia. Mzigo ukifika, uweke chumbani juu ya mbao, na boksi moja la kila aina ulifungie stoo, usimwonyeshe fundi.