Kundi la familia: kompyuta ya Salma haimalizi kuwaka tangu iongezwe RAM

Salma: Shikamooni wazee wangu, na salamu kwa ndugu wengine. Naomba msaada wenu. Kompyuta yangu ya mezani, ile ninayoandikia tasnifu, ilikuwa na vijiti viwili vya RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine, vya GB 8 kila kimoja. Jana niliifungua nikaongeza viwili vingine vya ukubwa uleule, na kwa kuwa kifuniko kilikuwa wazi, nikaweka pia kadi mpya ya picha. Tangu hapo haimalizi kuwaka: nembo inatokea, vidoti vinazunguka, kisha skrini inageuka bluu na mashine inajiwasha upya. Mara moja tu ilifika mwisho, na nilipofungua kivinjari ikaanguka tena.

Hamadi: Pole sana, dada Salma. Ushauri wangu ni kuifuta Windows na kuiweka upya, kwa maana skrini ya bluu ni ugonjwa wa Windows.

Mjomba Rashidi: Marahaba, Salma. Hamadi, subiri kwanza. Windows hiyohiyo ilikuwa ikifanya kazi vizuri hadi kifuniko kilipofunguliwa, kwa hiyo sioni sababu ya kuishuku kabla ya kushuku vitu vilivyoingizwa. Tena, ukiweka Windows upya kwenye mashine ambayo RAM yake inakosea, kila faili linapita ndani ya RAM hiyo kabla ya kufika kwenye diski, na linaweza kuandikwa likiwa tayari na hitilafu. Utaishia na mfumo mpya ulioharibika badala ya wa zamani uliokuwa mzima.

Mjomba Rashidi: Salma, nijibu mambo mawili. Skrini ya bluu inaandika msimbo gani, na je, ni uleule kila mara? Ikiwa inapotea upesi, ipige picha kwa simu.

Salma: Nimezipiga, mjomba. Mara nyingi ni MEMORY_MANAGEMENT, nyingine ni IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, na moja ni PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Hakuna jina la faili lolote chini yake.

Mjomba Rashidi: Umetusaidia kuliko unavyodhani. Mimi huangalia zaidi namna misimbo inavyobadilikabadilika kuliko maana ya msimbo mmoja. Draiva, yaani programu inayoiunganisha Windows na kifaa fulani, ikiwa mbovu, kwa kawaida mashine huanguka kwa msimbo uleule, na mara nyingi jina la faili la draiva hiyo, lenye mwisho wa .sys, huandikwa hapohapo. RAM inapokosea, hitilafu humkuta yeyote aliyekuwa akiitumia wakati huo, ndiyo maana sababu inayotajwa leo si ile iliyotajwa jana. Ungeniambia INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE ningeangalia diski na jinsi BIOS, ile programu ya ubao inayoiamsha mashine kabla ya Windows, inavyoisoma. Ungeniambia WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ningeanza na prosesa, volti na joto. Kwa hali hii naelekeza kidole kwenye RAM, lakini kwa kuwa vitu viwili viliingia siku moja, lazima tuvitenganishe ndipo tuhukumu.

Shangazi Zuhura: Salma mwanangu, pole. Mimi swali langu ni la tasnifu. Hiyo kazi ya miaka yote iko salama, au ndiyo inaliwa na huo ubluu?

Mjomba Rashidi: Dada, swali lako ndilo lilipaswa kuwa la kwanza. Diski haijaguswa, kwa hiyo kazi ipo, ila kila mashine inapoanguka katikati ya kuandika, kuna hatari ya faili kukatika. Salma, acha kuiwasha mara kwa mara ukitumaini kwamba safari hii itakubali. Na kabla hatujagusa BIOS, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, utafute ufunguo wa kurejesha wa BitLocker, wenye tarakimu 48, uunakili kwenye karatasi. Kompyuta nyingi zenye Windows 11 hufunga diski kwa usimbaji zenyewe mara mtu anapoingia na akaunti hiyo, na mabadiliko ya BIOS au ya vifaa yanaweza kuifanya iudai ufunguo huo ndipo ikufungulie. Nimeshaona watu wakiomboleza mafaili yaliyokuwa mazima kabisa kwa sababu tu ufunguo haukuwepo.

Salma: Nimeupata na nimeunakili. Nakala ya tasnifu ninayo pia kwenye flashi, shangazi, ya wiki iliyopita.

Shangazi Zuhura: Alhamdulillahi. Endeleeni, mimi nasoma tu.

Yusufu: Shikamoo mjomba. Naomba kuuliza, kwa nini tusishuku umeme? Kadi za picha zinakula umeme mwingi, na huenda pawasaplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha, imezidiwa.

Mjomba Rashidi: Marahaba, Yusufu. Ni swali la haki. Sloti ya kadi kwenye ubao mama, ule unaobeba vifaa vyote, hutoa wati 75 tu, plagi ya pini sita huongeza 75 nyingine, na ya pini nane huongeza 150, kwa hiyo kadi yenye tundu la plagi isipounganishwa waya wake haiwezi kufanya kazi ipasavyo. Lakini pawasaplai iliyozidiwa mara nyingi huizima mashine papo hapo, bila skrini ya bluu wala maelezo, na hufanya hivyo kazi inapokuwa nzito, kwa mfano ndani ya mchezo. Ya Salma inapata muda wa kueleza kosa lake. Hata hivyo, Salma, je, waya wa kadi umeunganishwa?

Salma: Umeunganishwa, wa pini nane, na umebana vizuri.

Mjomba Rashidi: Basi tuirudishe mashine ilivyokuwa kabla ya jana. Ukifika kwenye menyu ya kuzima, shikilia kitufe cha Shift ndipo ubonyeze kuzima, kwa sababu Windows huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili iwake haraka kesho yake, na sisi tunataka ianze upya kabisa. Ikiwa haifiki huko, bonyeza kitufe cha nguvu mpaka izime. Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha nguvu kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki utoke. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa chochote ndani. Toa kadi ya picha na vijiti vyote viwili vipya, ubaki na vya zamani pale vilipokuwa. Prosesa yako ina uwezo wa kuonyesha picha yenyewe, kwa hiyo waya wa skrini uuhamishie kwenye tundu la ubao mama. Usipouhamisha utaona giza na kudhani umeharibu kitu.

Hamadi: Kwa nini asitoe kimoja tu kati ya hivyo, aone?

Mjomba Rashidi: Kwa sababu kwanza nataka kuwa na hakika kwamba msingi ni mzima. Tukishaipata hali inayofanya kazi, tutaingiza kitu kimoja, tuwashe, tuangalie, ndipo tuingize kingine.

Salma: Nimerudi. Ikiwa na vijiti vya zamani peke yake imewaka bila tatizo, nimefungua kila kitu, haijaanguka. Nimeizima, nikarudisha kadi ya picha, ikawaka tena vizuri. Kwa hiyo kadi haina hatia?

Mjomba Rashidi: Kwa sasa tumwachie kwa dhamana. Sasa toa vijiti vya zamani, uweke vipya peke yake, katika sloti zilezile. Kwenye bao nyingi zenye sloti nne, jozi moja hukaa kwenye sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, zile zinazoandikwa A2 na B2. Kibonyeze kijiti pande zote mbili mpaka kishikizo cha sloti kijifunge chenyewe. Kijiti kilichokaa nusu huleta vituko vingi kuliko kijiti kibovu. Ukiona giza mwanzoni, ngoja dakika chache, kwa maana ubao hujaribu na kujipimia RAM mpya kabla ya kuonyesha picha. Giza likizidi, tutafuta kumbukumbu ya BIOS kwa kutoa ile betri ndogo ya duara, ya CR2032, kwa muda.

Salma: Mjomba, hapa ndipo ninaposhangaa. Vipya peke yake vimewaka vizuri pia! Vya zamani ni vizima, vipya ni vizima, lakini vikikaa pamoja mashine inaanguka.

Hamadi: Basi kuna mkono wa mtu.

Yusufu: Kaka Hamadi, tafadhali.

Mjomba Rashidi: Hakuna mkono wa mtu, na mimi sikushangaa sana. Salma, nisomee maandishi ya lebo kwenye kila jozi, yote kama yalivyo.

Salma: Vya zamani: DDR4, 3200, CL16, volti 1.35. Vipya: DDR4, 3600, CL18, volti 1.35. Muuzaji aliniambia vipya vina kasi zaidi, kwa hiyo haviwezi kushindwa.

Mjomba Rashidi: Muuzaji alisema kweli nusu. Kasi ya kawaida ya DDR4, yaani aina hii ya RAM, ile ambayo ubao huanza nayo wenyewe, mara nyingi ni 2133 au 2400, kwa volti 1.2. Namba kubwa zilizo kwenye lebo zako ni za ziada: zinapatikana pale tu mtu anapowasha kwenye BIOS mpangilio uitwao XMP, unaopandisha kasi na volti kwa vipimo ambavyo mtengenezaji amevijaribu kwenye jozi hiyo, ikiwa peke yake. Ukichanganya jozi mbili zisizofanana, ubao huchukua vipimo vya upande mmoja na kuvilazimisha kwa vyote vinne. Juu ya hapo, vijiti vinne ni mzigo mzito zaidi kuliko viwili kwa ile sehemu ya prosesa inayoiongoza RAM. Ni kama waimbaji wanne walioambiwa waimbe kwa mwendo wa mmoja wao: kila mmoja ni hodari, ila si kwa mwendo ule. Naamini XMP yako imewashwa.

Salma: Imewashwa. Aliyeniundia kompyuta aliiacha hivyo.

Mjomba Rashidi: Kabla ya kuizima, tupate ushahidi. Pakua MemTest86 ukiwa na vijiti vya zamani tu, uiweke kwenye flashi nyingine, si ile yenye tasnifu, maana flashi hiyo itafutwa yote. Kisha rudisha vijiti vyote vinne na uiwashe mashine kupitia flashi hiyo. Programu hiyo hujaribu RAM bila Windows kuwepo, na toleo lake la bure hufanya hadi mizunguko minne. Windows ina kipimo chake pia, lakini mimi hukiona chepesi mno: kikikuta kosa, kiamini, kisipokuta, usikiamini.

Salma: Imeanza kuonyesha makosa mekundu kabla ya mzunguko wa kwanza kuisha, na yanazidi.

Mjomba Rashidi: Simamisha, ingia BIOS, zima XMP, hifadhi, kisha rudia kipimo chote mpaka mizunguko minne iishe. Kitachukua saa nyingi, kwa hiyo kiache usiku. Katika RAM hakuna kosa dogo: hata likiwa moja tu, hatulikubali.

Shangazi Zuhura: Na wewe ukalale, usikae kuitazama.

Salma: Habari za asubuhi nyote. Mizunguko minne imekamilika bila kosa hata moja. BIOS inasema 2133. Windows imewaka ikiwa na GB 32 zote na kadi ya picha.

Yusufu: Hongera! Lakini kutoka 3200 hadi 2133, si umepoteza kasi?

Mjomba Rashidi: Amepoteza, ingawa si kwa kiasi cha kumkosesha raha. RAM ikisomwa kwa njia mbili kwa pamoja, kasi ya juu kabisa ya kinadharia ni takriban GB 51 kwa sekunde kwa 3200, na takriban GB 34 kwa 2133. Kwenye baadhi ya michezo ataona tofauti. Kwenye kuandika tasnifu yenye kurasa na majedwali, hataiona. Ninyi vijana mnapenda namba, lakini RAM ya GB 32 isiyokosea inamfaa zaidi kuliko ya haraka inayoanguka. Akitaka, apandishe kwa mkono hadi 2666, arudie kipimo, na ikipita ajaribu 2933. Ikigoma, arudi ngazi moja chini aishie hapo. Anayetaka 3200 ya uhakika kwa GB 32 anunue vijiti vilivyouzwa katika pakiti moja.

Salma: Nitajaribu 2666 mwisho wa wiki, nikishawasilisha sura ya tatu. Kuna kitu kingine cha kufanya sasa?

Mjomba Rashidi: Vipo viwili. Mashine ilianguka mara nyingi ikiwa na RAM inayokosea, kwa hiyo huenda baadhi ya mafaili ya Windows yameharibika. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike kwanza DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza uandike sfc /scannow. Cha pili ni draiva ya kadi ya picha: iondoe ya zamani na uweke mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kadi yenyewe. Ikitokea mashine ikagoma kuwaka baada ya hapo, ikatize mara mbili au tatu inapoanza kuwaka. Itakuletea menyu ya urekebishaji, na kwenye mipangilio ya kuwasha namba 4 ndiyo hali salama, ambayo haitumii draiva hiyo kabisa.

Hamadi: Mjomba, na mimi nilikuwa nataka kuongeza diski ya M.2, ile nyembamba inayochomekwa kwenye ubao wenyewe, wiki ijayo. Nina sababu ya kuogopa?

Mjomba Rashidi: Huna, ila soma kijitabu cha ubao wako kwanza. Kwenye bao nyingi, sloti ya M.2 ikishatumiwa, tundu moja au mawili ya SATA, yale ya waya wa diski za kawaida, huzimika, kwa sababu yanagawana njia moja na sloti hiyo. Ikiwa diski yenye Windows imechomekwa kwenye tundu hilo, utawasha na kuambiwa hakuna mfumo. Wala usije kuifuta Windows kwa ajili hiyo. Hamisha waya tu kwenye tundu jingine la SATA, kisha uangalie kwenye BIOS ni diski ipi imewekwa ya kwanza kuwashwa.

Salma: Amri ya pili imemaliza, imesema imekuta mafaili yaliyoharibika na imeyarekebisha. Sasa napakua draiva.

Mjomba Rashidi: Vizuri. Ukishaiweka, iwashe upya ukiwa na kifuniko wazi, uangalie kama feni za kadi zinazunguka unapofungua kitu kizito. Kwenye kadi nyingi feni husimama kazi ikiwa ndogo, kwa hiyo usishtuke ukizikuta zimetulia mwanzoni.