Druid leveli 60: pointi 51 nizigawe vipi?

MwanaMaweni (Malindi)

Asalaam aleikum, na Ramadhani karimu kwa mnaofunga. Hoteli zimefungwa kwa korona hii ya 2020, kafyu inaingia saa moja jioni, na mimi niliyekuwa nabeba sahani za wageni sasa ni fahali. Tauren (mtu-fahali), Druid (mchawi anayejigeuza mnyama), leveli 58, kwenye mchezo wa kompyuta World of Warcraft Classic, seva ya Ulaya. Nimepanda mpaka hapa kwa umbo la paka kama wengi: paka hali mana, ile nishati ya uchawi, unapigana, ukimaliza unatoka kwenye umbo unajitibu, unaendelea na safari. Karibu pointi zangu zote za vipaji ziko Feral, tawi la maumbo ya wanyama.

Nikifika 60 nitakuwa na pointi 51 na nataka kuzipanga upya. Taabu ni kwamba mwalimu wa mchezoni anatoza. Kufuta mara ya kwanza ni dhahabu 1, ya pili 5, ya tatu 10, inapanda tano tano mpaka 50. Mfukoni nina 63 tu, kwa hiyo sitaki kubahatisha.

Ninazozitazama ni tatu. Namba ya kwanza ni Balance (uchawi), ya pili Feral, ya tatu Restoration (tiba):

14/32/5, paka na dubu
24/0/27, mponyaji
0/30/21, nusu dubu nusu mponyaji

Yule ndege wa Balance nampenda kwa sura tu, msinitajie.

Hali yangu ni hii. Laptopu ni kuukuu, nimeachiwa na Mtaliano aliyekuwa akirudi kwao mwezi wa tatu. Intaneti ni bando la simu: usiku wa manane lagi, yaani ucheleweshaji, ni milisekunde 180, baada ya futari inafika 400. Nacheza na binamu yangu ambaye ni Warrior, mpiganaji wa mbele, na jamaa wengine wa Mombasa. Tunaingia Stratholme na Scholomance, ngome za maadui, watu watano. Pia kuna gildi, chama cha wachezaji, imenialika reidi (vita vya kundi kubwa) ya Zul'Gurub nikishafika 60.

Dubu_Barani

Waaleikum salaam jirani. 14/32/5, usizunguke. Feral unaichimba mpaka chini kabisa upate Leader of the Pack, wenzako wa kundi wanapata asilimia 3 zaidi ya kupiga pigo kubwa. Zile 14 za Balance zinakupa Natural Weapons, madhara yanapanda asilimia 10, na Omen of Clarity, inayokutupia pigo la bure mara kwa mara. Tano za mwisho zote zitie Furor. Ukiingia umbo la paka unaanza na nguvu 40 badala ya sifuri.

Na hapo ndipo utamu ulipo. Nguvu za paka hurudi 20 kila sekunde mbili. Zikikuishia hungoji, unatoka kwenye umbo unaingia tena, tayari una 40. Ukivaa Wolfshead Helm, ile kofia wanayoshona mafundi wa ngozi, inaongeza 20 nyingine. Unapiga Shred, pigo la paka, papo hapo wakati adui anadhani umechoka.

Kwa reidi nabeba Manual Crowd Pummeler, rungu la kule Gnomeregan. Linaharakisha mapigo kwa asilimia 50, ila lina chaji tatu tu za sekunde 30, zikiisha rungu limekufa na inabidi ukachukue jingine. Wiki iliyopita nimeingia Gnomeregan mara kumi na nne. Mke wangu anadhani nimepata kibarua.

BintiShela

Kaka Dubu, umeisoma lagi ya mwenzio kweli? Huo mchezo wa kutoka na kuingia umbo unataka mtu aihesabu ile tiki ya sekunde mbili nguvu zinaporudi. Kwa milisekunde 400 ataibadili tiki imeshapita, mana inamwishia na adui bado kasimama.

Mimi ni 24/0/27 tangu mwaka jana. Healing Touch ni tiba ya polepole, sekunde 3.5, pointi tano za Improved Healing Touch zinakata nusu sekunde. Watu huliona hilo kuwa kasoro. Mimi naanza kutibu kabla mtu hajapigwa; nikiona hahitaji, nakatisha na mana yangu iko palepale. Ukishajifunza kutangulia, lagi haikusumbui sana. Na usitumie kiwango cha juu cha tiba hiyo kila mara. Kiwango cha 4 ndicho cha kazi za kila siku, kama sufuria ndogo jikoni.

Zile 24 za Balance watu hushangaa za nini kwa mponyaji. Ni za kuifikia Moonglow, inayopunguza mana asilimia 9. Kule Restoration unaichukua Gift of Nature, tiba inaongezeka asilimia 10.

Ubaya wake nitausema mwenyewe: peke yako porini, kuua nguruwe mmoja ni muda wa kupika biriani.

Dubu_Barani

Dada, kwa lagi umenikamata. Lakini dubu hana habari ya tiki. Dire Bear, umbo la dubu mkubwa, anaongeza kinga ya mavazi kwa asilimia 360, akae mbele tu.

BintiShela

Akae mbele Scholomance, sawa. Kwenye reidi kubwa dubu hana ngao, hana kukinga kwa silaha, kwa hiyo yale mapigo ya kuponda ya maadui wakubwa hawezi kuyaondoa yote. Na binamu yake ni Warrior. Nani atamwachia nani nafasi?

NahodhaAmu

Salaam kutoka Amu. Mimi ni 0/30/21, na wanaonicheka ni wengi.

Feral 30 inakufikisha Heart of the Wild yote. Inakupa akili asilimia 20 zaidi wakati wote, na juu ya hiyo, ukiwa dubu unapata uhai, ukiwa paka unapata nguvu za mwili, asilimia 20 vilevile. Unachokosa ni pointi moya tu, ile Leader of the Pack. Halafu 21 za Restoration zinagonga Nature's Swiftness: kila dakika tatu unaweza kutoa Healing Touch nzima bila kungoja hata nukta.

Yana tulikuwa Stratholme kwa Baron Rivendare. Mimi paka, namparura mgongoni. Priest wetu, mponyaji, yuko Mombasa, umeme ukakatika kwao, akaganda palepale kama mnazi. Warrior ana damu ya kijiko. Nikatoka kwenye umbo, Nature's Swiftness, Healing Touch, akajaa. Rogue alikuwa keshaanguka, nikamfufua kwa Rebirth (hiyo kila Druid anayo, si ya bildi, yaani mgawo wa pointi), nikatibu mpaka mwisho. Mana ilinitosha kwa sababu ya ile akili asilimia 20. Wewe mwenye kundi la bando na umeme wa mashaka, ndia yako ni hii.

Mkokoteni

Njia mbili zilimshinda fisi.

NahodhaAmu

Shehe, fisi alitaka zote mbili kwa wakati mmoya. Mimi napita moya, ikiziba ndipo narudi.

Mkokoteni

Haya. Ila wa kila kazi huwa wa pili kwa kila kazi. Paka mbele yake yuko Rogue, dubu mbele yake yuko Warrior, mponyaji mbele yake yuko Priest.

NahodhaAmu

Reidini ni kweli, sikatai. Ila MwanaMaweni, wanakubishia pointi na mimi nakwambia taabu ya bildi hii si pointi, ni mifuko. Utabeba seti mbili za mavazi, ya ngozi ya kupigania na ya kutibia, na kila kipande kinakula nafasi. Na ukiwa vitani hubadili mavazi, silaha tu. Yana nilimtibu Warrior nikiwa nimevaa nguo za paka! Kwa hiyo anza kutafuta mifuko mikubwa leo, kabla hujakwenda kwa mwalimu.

Zul'Gurub jiandikishe mponyaji. Gildi zinamtaka Druid kwa Innervate, inayorudisha mana, na Rebirth, hizo huzikosi kwa bildi yoyote. Mavazi ya kutibia utayapata humo, ya dubu yaokote na binamu yako Stratholme.

BintiShela

Hapo namuunga mkono Nahodha, kwa shingo upande. Bila Gift of Nature na Moonglow tiba yako itakuwa nyembamba. Zul'Gurub watu 20 hawatakuona. Blackwing Lair, watu 40, mwenye gildi akiangalia orodha, utaonekana. Ukifika huko lipa mwalimu uje 24/0/27.

Dubu_Barani

Na mimi nakubali, lakini akinunua router nzuri arudi kwangu.

MwanaMaweni

Basi 0/30/21. Nimempigia binamu, amefurahi kwamba sitamnyang'anya nafasi ya mbele. Nitalipa ile dhahabu 1 nikifika 60. Kwa sasa naongeza mifuko miwili. Leo baada ya tarawehe tunaingia Stratholme, na nisije kuumbuka, nimeshanunua mbegu 20 za Ironwood kwa ajili ya Rebirth.

NahodhaAmu

Wewe uko leveli 58, yakhe. Ironwood ni za 60. Rudi dukani ukanunue Hornbeam.